Nani yumo kwenye waifai yako? Historia ya namba iliyogeuzwa kitambulisho

Fungua ukurasa wa ruta ya nyumbani kwako usiku huu. Andika 192.168.8.1 au 192.168.1.1 kwenye kivinjari cha simu (namba kamili kwa kawaida imebandikwa chini ya ruta yenyewe), weka neno la siri la msimamizi, kisha tafuta sehemu inayoonyesha vifaa vilivyounganishwa. Utaona orodha. Kila mstari una jina, mara nyingi lisiloeleweka, na namba mbili: moja fupi kama 192.168.8.103, nyingine ndefu yenye herufi na tarakimu, kama 3E:7A:15:C0:92:0B. Nyumbani mko watu wanne wenye simu nne, na runinga moja. Orodha ina vifaa saba.

Hao wawili ni akina nani?

Kwa mtu wa mjini mwenye faiba isiyo na kikomo, hilo linaweza kuwa swali la udadisi tu. Kwa aliyeko Kinole, kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, lina uzito mwingine. Huku juu nyumba yenye waifai kwa kawaida huitoa kwenye ruta ndogo iliyochomekwa laini ya simu, na laini hiyo inakula bando. Hela ya bando imetoka kwenye ndizi, machungwa au pilipili manga iliyoteremshwa mpaka sokoni Morogoro mjini. Kifaa usichokijua kikishusha filamu mbili usiku, ni mkungu mzima umeliwa na mtu usiyemjua.

Halafu kuna jambo zito zaidi ya bando. Laini iliyomo ndani ya ruta imesajiliwa kwa alama ya kidole. Utaratibu huo ulianza Mei 2019, na ulipofika tarehe 20 Januari 2020 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ikatangaza mwisho wa laini zisizosajiliwa hivyo. Maana yake ni kwamba chochote kinachopita kwenye ruta yako, ukikitazama kutoka nje, kimetoka kwenye laini yenye kidole chako. Tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ianze kutumika, matusi, utapeli na uzushi wa mtandaoni vina kesi zake mahakamani. Mtu aliyejibanza nyuma ya jiko lako akatuma ujumbe wa kitapeli kupitia waifai yako, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Mlima nao humsaidia mgeni. Mawimbi ya waifai hupungua nguvu yakikutana na ukuta mnene, na hupungua zaidi yakikutana na maji. Shamba la migomba lililolowa mvua ni kizuizi kizuri kuliko watu wanavyodhani. Lakini kwenye mteremko nyumba hazikai sambamba. Ya jirani ipo juu ya paa lako au chini ya kibaraza chako, na kati yenu hakuna kitu ila hewa. Ruta uliyoiweka dirishani ili ishike mnara vizuri inamshika na jirani vizuri vilevile.

Sasa, wengi wakikuta kifaa cha ajabu kwenye orodha hufanya jambo moja: wanabonyeza kitufe cha kuzuia kilicho pembeni ya jina. Kifaa kinatoka. Kesho kutwa kimerudi, safari hii kikiwa na namba mpya kabisa. Unazuia tena, kinarudi tena. Ukitaka kuelewa kwa nini kitufe hicho hakifui dafu, lazima ujue ile namba ndefu ilitengenezwa na nani na kwa kazi gani. Kwa kifupi, haikutengenezwa kumtambua mtu. Ilitengenezwa kufikisha barua.

Panya wa London

Tatizo la kifaa kisichoalikwa ni la zamani kama redio yenyewe. Juni 1903, kwenye ukumbi wa Royal Institution jijini London, mwanafizikia John Ambrose Fleming alikuwa anajiandaa kuwaonyesha watu maajabu ya Guglielmo Marconi. Ujumbe wa redio ungetumwa kutoka Poldhu, mamia ya kilomita kusini-magharibi, upokelewe mbele ya hadhira. Marconi alikuwa amejinadi kwamba mitambo yake inaweza kushikana kwenye masafa yake peke yake, kiasi kwamba mwingine hawezi kuingilia.

Kabla ujumbe haujafika, chombo cha kupokelea kikaanza kugonga chenyewe kwa alama za Morse. Neno moja, tena na tena: panya, panya, panya. Kisha yakafuata maneno ya kumdhihaki Marconi. Aliyetuma alikuwa Nevil Maskelyne, mwanamazingaombwe aliyekuwa pia fundi wa redio, akitumia mtambo aliouweka jirani na ukumbi. Fleming alighadhibika na kuandika gazetini kulalamika. Maskelyne akajibu bila kujificha kwamba ni yeye, na kwamba alitaka umma ujue kuwa siri iliyotangazwa haipo. (Kwetu Morogoro panya wana heshima zao. Magawa, aliyepewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kunusa mabomu Cambodia, alizaliwa hapa hapa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Lakini London ya 1903 lilikuwa tusi.)

Alichokionyesha Maskelyne bado kinatuhusu. Hewa haina mlango. Kila aliye ndani ya masafa anasikia, na kila aliye ndani ya masafa anaweza kusema. Ukitaka kujua nani anasema, hewa haitakuambia. Lazima msemaji mwenyewe athibitishe.

Namba ya bahasha

Songa mbele mpaka Hawaii, 1971. Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio, wakauita mtandao wao ALOHAnet. Vituo vyote vilitumia masafa yaleyale. Wawili wakisema kwa wakati mmoja, ujumbe unaharibika, na kila mmoja anasubiri kidogo kabla ya kurudia. Ni kama watu kwenye mkutano wa kijiji usio na mwenyekiti. Robert Metcalfe aliisoma kazi hiyo, akaiboresha, na mwaka 1973 akiwa kwenye maabara ya Xerox huko California akaandika wazo la mtandao wa waya alioupa jina Etheneti.

Etheneti ya mwanzo ilikuwa na anwani za biti 8, yaani nafasi 256 tu kwenye mtandao mmoja. Kwa maabara moja inatosha. Kwa dunia haitoshi. Ilipofika 1980, kampuni za Digital, Intel na Xerox zilipotoa kwa pamoja kanuni za Etheneti, anwani ikapanuliwa hadi biti 48. Hesabu yake ni zaidi ya trilioni 281. Hii ndiyo namba ya MAC unayoiona kwenye ruta yako. Nusu ya kwanza hugawiwa kiwanda, nusu ya pili kiwanda hujipangia chenyewe, kifaa kimoja namba moja. Mafungu ya mwanzo kabisa, yanayoanza na 00:00:00, mpaka leo yameandikwa jina la Xerox.

Yogen Dalal na Robert Printis, walioandika makala ya kuitetea namba hiyo mwaka 1981, walikuwa na shida moja ya vitendo: vifaa vitoke viwanda tofauti, vichomekwe kwenye mtandao mmoja, na viwili visigongane namba, bila mtu yeyote kukaa akagawa namba kwa mkono. Walifanikiwa vizuri sana. Lakini soma kanuni zao utakavyo, hutaona sehemu inayomlazimisha kifaa kuthibitisha kwamba namba anayoitaja ni yake kweli. Kwa nini wangeweka? Kwenye Etheneti ya 1980 kujiunga kulimaanisha kuingia ndani ya jengo na kuchomeka waya. Mlinzi wa getini ndiye aliyekuwa ulinzi.

Ile namba fupi nayo, 192.168.8.103, ina kazi nyingine tena. Hii ruta yako inamkopesha kifaa kwa muda. Leo ni ya simu ya mama, wiki ijayo ni ya runinga. Mtu wa Kinole ataelewa haraka: hapa ni makao ya Chifu Kingalu wa Waluguru, na Kingalu ni jina la kiti. Anayekikalia anaitwa Kingalu, akiondoka anayemrithi naye ni Kingalu. Ukisikia Kingalu amesema, umejua kiti kilichosema. Kumjua aliyekikalia mwaka huo inabidi uulize. Tofauti ni kwamba huyo anathibitishwa na ukoo, ukoo wa upande wa mama, wanaojua nani mtoto wa nani. Kwenye ruta hakuna wazee wa ukoo. Kifaa kikisema "mimi ni fulani", ruta inaandika "fulani".

Mwaka 1982 David Plummer aliandika kanuni fupi ya kuziunganisha namba hizo mbili, iitwayo ARP. Kifaa kinapaza sauti: nani mwenye 192.168.8.103? Mwenye nayo anajibu: ni mimi, na namba yangu ya MAC ni hii. Programu za simu unazopakua ili "kukagua nani yupo kwenye waifai" zinatumia njia hiyohiyo. Zinapiga hodi kwenye kila namba kuanzia 1 hadi 254 na kuorodhesha wanaoitikia. Na kwa kuwa anayeitikia haulizwi kitambulisho, yeyote anaweza kuitikia kwa jina la mwenzake.

Waya ukaondolewa, mlinzi akabaki getini

Mwaka 1985 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliruhusu watu kutumia baadhi ya masafa bila leseni, yakiwemo ya karibu na GHz 2.4, yaliyokuwa yameachiwa vitu kama majiko ya maikrowevu. Hapo ndipo waifai ilipopata shamba lake. Mwaka 1997 ikatoka kanuni ya kwanza, 802.11, na ikarithi namba za MAC za Etheneti kama zilivyo. Tatizo unaliona: namba iliyobuniwa kwa jengo lenye geti sasa inarushwa hewani, wazi, kwenye kila ujumbe. Hata ujumbe wenyewe ukifichwa, namba ya anayetuma na ya anayepokea hubaki nje kama anwani kwenye bahasha, la sivyo barua haifiki. Mtu mwenye laptopu anakaa kibarazani kwake dakika tano, anaona namba zote zinazoruhusiwa kwenye ruta yako, anaazima mojawapo, anaingia. Kwa hiyo ule ushauri wa kuruhusu namba za familia tu unamzuia mtoto wa jirani. Haumzuii anayejua anachofanya.

Waliotunga 802.11 walijua hewa haina mlango, wakaweka na kufuli, wakaliita WEP. Kufuli lilikuwa bovu. Ufunguo wa mwanzo ulikuwa wa biti 40, kwa sababu Marekani ya wakati ule ilibana uuzaji nje wa usimbaji wenye nguvu. Ubaya zaidi ulikuwa kwenye namna ulivyotumika. Mwaka 2001 Fluhrer, Mantin na Shamir walionyesha kwamba ukisikiliza ujumbe wa kutosha unaweza kuukokotoa ufunguo wenyewe. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Darmstadt, Ujerumani, wakaushusha muda huo chini ya dakika moja. Mwaka huohuo ikajulikana Marekani kwamba wezi walikuwa wamepenya kwenye mifumo ya kampuni ya maduka ya TJX kwa kuanzia na waifai dhaifu ya duka, wakaondoka na namba za kadi za benki zaidi ya milioni 45.

Tulipojaribu nchi nzima

Unaweza kudhani haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. Lakini jaribio kubwa la kutambua na kufungia vifaa visivyotakiwa tumelifanya sisi wenyewe, na pengine wewe unayesoma ulipoteza simu siku hiyo.

Simu ina namba yake, IMEI, binamu wa namba ya MAC. Bonyeza *#06# uione: tarakimu 15, ambapo 8 za mwanzo zinataja aina ya simu, 6 ni za simu hiyo, na ya mwisho ni ya kuhakiki hesabu. Kenya ilizima simu feki mwishoni mwa Septemba 2012. Tanzania, kwa kutumia Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, ikaunda rejista kuu ya namba za vifaa. Wananchi wakapewa miezi kadhaa ya kujihakiki, unatuma IMEI kwenda 15090 na kujibiwa kama simu ni halali, na usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu feki zikazimwa.

Kama ulikuwa na akili timamu mwaka huo unakumbuka. Watu walinunua simu dukani, kwa fedha halali, wakiamini jina lililoandikwa mgongoni mwake. Asubuhi imekuwa kopo. Sababu za serikali hazikuwa za kubeza: simu hizo nyingi zilikuwa hafifu, na rejista ilirahisisha kufungia simu iliyoibwa ukishapata RB ya polisi. Ila mzigo ulimwangukia mnunuzi wa mwisho, na si aliyeziingiza bandarini. Hayo ni maoni yangu.

Kiufundi, kilichofuata kinatufundisha kitu kuhusu ile orodha ya ruta. IMEI ni namba iliyoandikwa ndani ya simu, na kilichoandikwa kinaweza kuandikwa upya na mwenye vifaa na ujuzi. Ukifungia namba feki, njia ya kuponea ni kuazima namba halali. India, iliyofungia simu zisizo na IMEI tangu 2009, ilikuja kushuhudia mwaka 2020 polisi wa Meerut wakigundua zaidi ya simu 13,000 zinazotumia IMEI moja. Sasa ukiifungia hiyo moja umewafungia watu 13,000, na ukiiacha umewaachia wote. Mfumo umefanya kazi yake vizuri kabisa; umetambua namba. Kitu chenye namba hiyo haukukiona.

Tusiwe wakali kupita kiasi, lakini. Orodha kama hii ina faida kwa wasio na mbinu, nao ndio wengi. Simu nyingi zilizozimwa 2016 hazikuwaka tena. Mwizi mvivu hukata tamaa.

Simu zinajifunika uso

Kuna upande wa pili wa hadithi, na ndio unaoeleza kwa nini kifaa ulichokizuia jana kimerudi leo na sura mpya bila hata mwenyewe kuwa na nia mbaya.

Simu yenye waifai iliyowashwa haikai kimya. Inapita njiani ikipiga hodi: kuna ruta hapa? Zamani kila hodi ilibeba namba yake halisi ya MAC. Mwaka 2013, kampuni moja ilifunga vifaa vya kusikiliza ndani ya mapipa ya takataka katikati ya London, ikawa inarekodi simu zinazopita, ipi imerudi na imekaa muda gani. Habari zilipotoka Agosti mwaka huo, mamlaka ya jiji ikaamuru kazi hiyo isitishwe. Namba ya bahasha ilikuwa imekuwa kola ya mbwa.

Watengenezaji wa simu wakachukua hatua. Mwaka 2014 iPhone zikaanza kupiga hodi kwa namba za kubuni. Mwaka 2019, kuanzia Android 10, na 2020 kuanzia iOS 14, simu ikawa inatumia namba ya kubuni hata ikishaunganishwa, tofauti kwa kila waifai. Mtumiaji akiifuta waifai yako kwenye simu na kuunganisha upya, au akibadili mpangilio, huenda ikaja na namba nyingine. Kwa hiyo simu ya binamu yako inaweza kuonekana kwenye orodha kama watu wawili au watatu.

Hapa kuna ujanja mdogo wa kukusaidia kusoma orodha. Tazama herufi au tarakimu ya pili ya namba ya MAC. Ikiwa ni 2, 6, A au E, namba hiyo haikutoka kiwandani, imebuniwa. Rudi kwenye mfano wangu wa mwanzo, 3E:7A:15:C0:92:0B. Ya pili ni E, basi karibu hakika hiyo ni simu ya kisasa iliyojifunika uso. Hivyo ndivyo kanuni ya namba hizi ilivyopangwa: biti moja ilitengwa kusema "namba hii ya kienyeji, si ya kiwanda", ikakaa miaka mingi bila wengi kuijali. Ikiwa ya pili ni tofauti na hizo, namba huenda ni ya kiwanda, na tarakimu sita za mwanzo zinaweza kutafutwa kwenye rejista ya IEEE zikakupa jina la mtengenezaji. Mara nyingi fumbo linaishia hapo. Mtengenezaji ni wa runinga yako.

Kitendawili

Basi kinachozuia kweli ni nini? Ni kumtaka mgeni athibitishe anajua jambo fulani, bila kulitamka hewani. Baada ya aibu ya WEP ilikuja WPA mwaka 2003 na WPA2 mwaka 2004, na jinsi zinavyofanya kazi si kigeni kwa aliyekulia na vitendawili. Ruta inasema: kitendawili! Simu: tega. Ruta inatega namba ya bahati nasibu, mpya kila safari. Simu inaichanganya na neno la siri kwa hesabu isiyorudishika nyuma, inatuma jibu tu. Ruta, inayojua neno la siri, inafanya hesabu ileile na kulinganisha. Jirani anayesikiliza amesikia swali na jibu, lakini kesho swali ni jingine na jibu la jana halimsaidii. Kuazima namba ya MAC ya mtu hakutoshi tena, hajui neno.

Anachoweza kufanya ni kurekodi swali na jibu, aende nalo nyumbani, akae na kompyuta akijaribu maneno mamilioni mpaka moja litoe jibu lilelile. Ndiyo maana "kinole2024" ni kufuli la karatasi, na maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyounganishwa, ni jambo jingine. WPA3 ya 2018 iliziba njia hiyo ya kubahatisha ukiwa nyumbani, lakini si kila ruta inayo. Mwaka 2017 Mathy Vanhoef wa Ubelgiji alionyesha kasoro ndani ya WPA2 yenyewe, ikarekebishwa kwa masasisho. Ruta isiyosasishwa tangu inunuliwe bado inayo.

Na kuna mlango wa nyuma: WPS, kile kitufe cha kuunganisha kwa urahisi, chenye PIN ya tarakimu 8. Ungedhani mgeni atabahatisha mara milioni 100. Mwaka 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta inaipokea PIN vipande viwili na kuonyesha kipande kipi kimekosewa, tena tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu. Majaribio yanashuka hadi 11,000. Kwa kompyuta hiyo ni kazi ya saa chache. Nenda kaizime.

Onyo moja kabla hujapakua programu inayojidai "kuwafukuza" watu hewani. Waifai ya zamani ina ujumbe wa kumwambia kifaa "ondoka", usiothibitishwa na yeyote, na programu hizo hughushi ujumbe huo. Mwaka 2014 kampuni ya hoteli ya Marriott ilikubali kulipa dola 600,000 Marekani kwa sababu hoteli yake ya Nashville ilitumia mbinu hiyo kukata waifai binafsi za wageni. Waifai ya jirani ni ya jirani, na kuivuruga ni kosa hata kama ulikuwa unawinda mwizi.

Usiku wa leo, fanya hivi. Zima waifai kwenye simu moja baada ya nyingine, kila mara ukitazama mstari upi umepotea kwenye orodha. Huo ndio uuandikie jina. Kilichobaki bila mwenyewe, usihangaike kukizuia namba kwa namba. Badilisha neno la siri la waifai na lile la msimamizi wa ruta, ambalo huenda bado ni "admin" kama lilivyotoka kiwandani, chagua WPA2 au WPA3, halafu waunganishe upya watu wako. Mara nyingi aliyekuwemo hakuvunja chochote. Mdogo wako alimpa rafiki, rafiki akaonyesha msimbo wa QR kwa mwenzake, na kadhalika mpaka kwenye nyumba ya tatu mlimani. Kama ruta yako ina mtandao wa wageni, uwashe na uupe neno lake la siri, ili anayekuja na hodi apate kibaraza na si chumba cha ndani. Mgeni akikaa siku mbili, ya tatu unalibadilisha bila kugusa simu za familia. Na ruta iondoe dirishani upande wa jirani, isogeze ukuta mwingine kama mnara bado unashika. Ukimaliza yote, orodha ikionyesha vifaa sita badala ya vitano, soma herufi ya pili ya huyo wa sita, halafu nenda kaulize sebuleni nani ana simu mbili.